Siku Moja Bweranyange: Wanafunzi Watafuta Ngoma za Mfalme

Msomaji mpenzi, safari ninayotaka kukusimulia ilianza kwa swali la msichana mmoja wa kidato cha pili, na swali lenyewe sikuulizwa mimi.

Padre mmoja mzaliwa wa huku kwetu Karagwe alikuwa amerudi likizo kutoka Ujerumani anakosoma. Jumamosi moja alikuja kuisalimu kwaya ya wanafunzi ambayo mimi, mwalimu mstaafu, nasaidia kuifundisha. Akatusimulia habari za mji uitwao Leipzig. Ati wanafunzi wa huko, na wengine watokao nchi za mbali, huutembea mji huo kwa ajili ya muziki tu. Hawaendi kutazama maduka wala mpira. Tangu mwaka 2012 iko njia ya karibu kilometa 5 iliyotiwa alama za chuma chini barabarani, na mwenye kuifuata hupelekwa kutoka nyumba ya mtunzi huyu hata nyumba ya mtunzi yule. Hupita penye kanisa la Mtakatifu Tomaso, ambako Johann Sebastian Bach alikuwa mwalimu wa kwaya tangu mwaka 1723 hata alipokufa mwaka 1750. Mifupa yake ililetwa ndani ya kanisa hilo mwaka 1950, na watu huweka maua juu ya jiwe lake. Kwaya ya wavulana ya kanisa hilo ilianza mwaka 1212, nayo yaimba mpaka leo.

Bach alikuwa Mlutheri, tusifiche, lakini pia alitunga Misa kubwa ya Kilatini, na ni vigumu kumpata mwalimu wa kwaya, hata katika kanisa letu, asiyemstahi. Watoto lakini walipenda zaidi habari za ujana wake. Mwaka 1705, naye ana miaka 20, alitembea kwa miguu kutoka mji wa Arnstadt hata Lübeck, karibu kilometa 400, ili amsikie mzee mmoja fundi wa kinanda aliyeitwa Buxtehude. Ni kama mtu atoke Bukoba aende Mwanza kwa miguu kwa kuuzunguka ziwa. Alipewa ruhusa ya majuma manne, akakaa huko miezi kama minne, na aliporudi wakubwa wake wakamkaripia. Watoto walicheka sana, maana wanaijua habari ya kuomba ruhusa na kuchelewa.

Ndipo yule msichana akainua mkono. “Padre, na sisi mji wetu wa muziki ni upi?”

Padre akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirishani.

Padre alijaribu kumjibu. Akasema kwamba hata muziki wa nchi yetu unapatikana Ujerumani. Mwaka 1906 mtu mmoja wa makumbusho ya Leipzig, jina lake Karl Weule, alikwenda nyuma ya Lindi akiwa na mashine ya kunasa sauti katika nta, akanasa nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Nta hizo zimo katika hazina ya sauti iliyoanzishwa Berlin mwaka 1900. Ni habari ya kweli na ya ajabu, lakini haikuwa jibu. Mtoto alikuwa ameuliza mji, tena wa kwetu.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilikuwa na jibu: Bweranyange.

Kwa wasomaji walio mbali na Kagera, yafaa niseme kidogo. Bweranyange ilikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda. Siku hizi ni mahali pa mashamba ya migomba na malisho katika wilaya ya Karagwe, jimbo letu la Kayanga lililoanzishwa mwaka 2008. Hapo Omukama Rumanyika aliwapokea Waingereza wawili, Speke na Grant, mwezi wa Novemba 1861, walipokuwa wakiitafuta asili ya mto Nile. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant aliumwa mguu vibaya, akaachwa hapo hata Aprili. Maskini Grant! Lakini kwa faida yetu ulikuwa ugonjwa wenye manufaa, kwa kuwa mtu asiyeweza kutembea hukaa na kusikiliza. Wote wawili waliandika vitabu, na katika vitabu hivyo muziki wa Karagwe umetajwa mara nyingi.

Basi wazazi wakachanga, wengine fedha, wengine ndizi na maharagwe, tukakodi gari. Tulikuwa wanafunzi 34 na mimi wa 35. Tuliondoka baada ya Misa ya asubuhi. Njiani vumbi lilitufanya wote rangi moja.

Tulipofika juu, wakashuka wakatazama huku na huku. Palikuwa na majani, upepo, ng'ombe wachache kwa mbali, na bondeni maji ya ziwa dogo yaking'aa. Ziwa hilo ndilo Speke alilolipa jina la Windermere Ndogo, kwa kulifananisha na ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba halikuwa na jina. Mvulana mmoja, mpiga kinanda wetu, akasema wazi waliyokuwa wakiyawaza wenzake: “Mwalimu, tumekuja kuona nini?”

Sikumlaumu. Wa Leipzig huonyeshwa kanisa, jiwe na mlango. Jumba la Rumanyika lilikuwa la miti na majani, na mvua za miaka mingi zimekwisha kulila. Nikawaambia wakae chini, nikatoa daftari nililokuwa nimeandika habari kutoka katika vitabu vya wale wageni, nikaanza na habari ya ngoma ndogo.

Alipofariki Omukama Ndagara, wanawe watatu waliwania ufalme. Speke alisimuliwa kwamba wakuu wa nchi walileta ngoma moja ndogo, wakaiweka chini mbele yao. Ilikuwa nyepesi kama unyoya. Lakini ilikuwa imefanyiwa dawa, na asiyestahili ufalme ilimwia nzito asiweze kuiinua. Ndugu wawili walijaribu, wasiweze. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo. Sisi Wakristo hatuna haja ya kuamini dawa hizo, na watoto wenyewe walianza mara moja kubishana jinsi wakuu wale walivyoweza kufanya hila. Lakini fikiri maana yake. Nchi nzima, na ng'ombe wake, na mikuki yake, ilipewa mtu kwa njia ya ngoma. Katika lugha zetu za huku neno moja, engoma, ni ngoma na pia ni ufalme, na anayetawazwa husemwa amekula ngoma. Sijui kama wafalme wa Ulaya waliwahi kuupa muziki heshima kubwa namna hiyo.

Kisha nikawasomea habari za mwezi mwandamo. Kila mwezi mpya ulipoonekana, wakuu walikuja ikuluni kumwonyesha mfalme uaminifu wao. Speke alihesabu ngoma 35 zimepangwa chini kwa mstari, wapigaji wamesimama nyuma yake, na wana wa mfalme na wakuu wengine wameshika ngoma ndogo kwapani. Ngoma zilipokwisha kunguruma, wakuu walikuja mmoja mmoja na fimbo zao, wakapiga magoti na kuapa kwamba wakimkimbia adui wakatwe vichwa. Ilikuwapo pia bendi ya kupuliza. Vyombo vyake vilikuwa vya matete, vimeungwa kipande ndani ya kipande kama darubini, na Speke aliona kwamba walipiga kama bendi za askari wa Kituruki, wakienda na kurudi, kisha wakacheza huku wanapuliza kwa nguvu.

“Ngoma ngapi, Mwalimu?” akauliza yule msichana.

“Thelathini na tano.”

“Na sisi tuko thelathini na tano.”

Nakiri sikuwa nimeliona hilo. Kabla sijasema neno wamekwisha kusimama mstari juu ya majani. Huyu ameshika dumu la maji, huyu sufuria la maharagwe, huyu ndoo, wengine magoti yao. Mimi nikapewa kifuniko. Mpiga kinanda wetu, aliyeuliza tumekuja kuona nini, akatoka mbele akawa mwongozaji. Wakapiga. Ng'ombe wakainua vichwa.

Hatukuwa tumepiga muda mrefu alipotokea mzee mmoja na fimbo yake ya kuchungia. Alikuja polepole, akasimama, akatusikiliza mpaka mmoja mmoja tukanyamaza kwa aibu. Watoto wakamwamkia, “Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Nani amewafundisha kupiga hivyo? Mnapiga kama mvua ya mawe juu ya bati.”

Akaketi juu ya jiwe akawapanga upya. Akasema ngoma kubwa haina haraka, husema neno moja ikangoja, na ndogo ndizo zenye maneno mengi. Akampokonya mmoja dumu, akalipiga kwa ncha za vidole pembeni na kwa kiganja katikati, na dumu lile lile la mafuta ya kula likatoa sauti mbili ambazo sisi hatukujua kuwa limo nazo. Kwa nusu saa nzima sikuwa na kazi. Nilikaa kando na kifuniko changu.

Walipochoka, msichana yule akachukua daftari langu akamsomea mzee habari aliyoandika Grant juu ya nanga. (Wasomaji wa pwani wasidhani nasema nanga ya jahazi. Nanga ya kwetu ni ubao uliochongwa kama sinia refu, wenye nyuzi juu yake, na mpigaji huimba huku anazipiga.) Grant alimsikia bibi kizee mmoja wa Karagwe akipiga nanga ya nyuzi saba. Akaandika kwamba sauti sita kati ya saba zilipangika sawasawa kama ngazi ya muziki wa Ulaya, na uzi mmoja tu ndio uliokuwa na kosa.

Mzee akatikisa kichwa. “Haukuwa na kosa. Mgeni yule alisikiliza kwa sikio la kwao.”

Nikacheka pamoja na watoto. Lakini mzee alikuwa amenigeukia mimi.

“Na wewe, mwalimu, u mwana wa nani?”

Nikamtajia jina la baba yangu na ukoo wetu na kijiji tulikotoka. Akanitazama kitambo.

“Namjua. Alipiga nanga kwenye arusi ya dada yangu. Nanga yake iko wapi?”

Msomaji, wanafunzi 34 walikuwa wananitazama. Nimewafundisha watoto hawa noti za kwaya, na funguo za sauti, na majina ya watunzi wa Ujerumani na Italia, wala sikupata hata siku moja kuwaambia kwamba baba yangu alikuwa mpiga nanga. Ikabidi niseme.

Ilikuwa mwaka 1958, nami nina miaka minne. Katekista mmoja, ambaye sasa ni marehemu na simtaji, alimwambia baba kwamba mtu aimbaye habari za Mugasha hafai kuwa baba wa ubatizo wa mtoto yeyote. Mugasha katika hadithi za huku ni mwenye enzi wa ziwa na dhoruba, na utenzi wake ni mmoja wa tenzi kubwa za nanga za Wahaya. Baba aliujua, kama alivyojua nyimbo za arusi na za kusifu ng'ombe. Hakubishana. Alikuwa mtu wa sala kweli. Akaichukua nanga akaipasua kwa shoka nyuma ya nyumba, na jioni ile mama akapikia ndizi. Jambo moja tu nalikumbuka mimi mwenyewe, nalo ni kwamba nyuzi zilipokatika zililia.

Katekista simhukumu. Alifundisha kama alivyofundishwa, na zama zile wengi walidhani hivyo, mapadre na walei. Ila tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, na katika kifungu cha 119 Kanisa lilisema kwamba mataifa ya nchi za misioni yana muziki wao wenyewe, na kwamba muziki huo upewe heshima yake na mahali pake katika ibada. Mwaka huo huo Padre wetu Mtanganyika, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kuonyesha jinsi sheria ya Kanisa na muziki wa Wabantu vinavyoweza kukaa pamoja. Kutoka shoka la baba hata hati ile ni miaka mitano.

Noeli ya mwaka 1971 ngoma zilipigwa kanisani kwetu wakati wa Utukufu. Nilikuwa nimekaa karibu na baba. Watu walisimama wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Yeye alibaki ameketi na kofia yake magotini. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema neno moja tu: “Kumbe ningengoja.” Alifariki mwaka 1979, wala hakulitaja jambo hilo tena.

Nilipokwisha kusema, hakuna mtoto aliyecheka wala kunong'ona. Mzee alikuwa anachorachora chini kwa fimbo yake.

“Nyuzi zake zilikuwa saba au nane?” akauliza.

Sikujua. Ni baba yangu, na sikujua.

“Nane,” akasema mzee. “Mimi nilikuwa kijana, nikakaa karibu yake usiku kucha nikimtazama mikono. Nane.”

Msichana akaandika daftarini: 8.

Tangu hapo mazungumzo yalikuwa yake na watoto, mimi nikawa msikilizaji. Aliwaeleza kwamba nyuzi za nanga si nyuzi nyingi. Ni uzi mmoja mrefu, umetengenezwa kwa kano za ng'ombe, unaopita kwenye meno ya ubao huku na huku, ukienda na kurudi. Kwa hiyo ukivuta mahali pamoja, pengine pote panasikia. Mpigaji hufunga sauti zake kwa kuvuta polepole akisikiliza, wala hana chombo cha kumwambia kuwa amefika. “Atajuaje basi?” akauliza mpiga kinanda wetu, ambaye kinanda chake cha umeme kimefungwa sauti zote kiwandani. Mzee akasema atajua wimbo utakapokubali.

Akaimba kidogo, wimbo wa kumsifu ng'ombe, kwa sauti iliyokwaruza, vidole vyake vikicheza hewani juu ya nanga isiyokuwapo. Mtoto mmoja alimnasa kwa simu ya dereva. Mzee akataka ajisikie. Akasikiliza mpaka mwisho kwa makini, kisha akarudisha simu. “Huyo mzee hana meno,” akasema.

Nilikuwa nimekusudia kuwasomea watoto pia habari za Stanley, aliyefika mwaka 1876 na kuonyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, yenye sanamu 16 za bata wa shaba nyeupe wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa, na mikuki, na visu vikubwa. Hatukufika huko. Jua lilikuwa limekwisha kushuka, maharagwe yamepoa katika lile sufuria lililokuwa ngoma, tukayala hivyo hivyo pamoja na mzee. Aliomba kwamba tukirudi tumletee tumbaku.

Garini watoto walikuwa wakipiga viti kwa namna ya mzee, kubwa kwanza, ndogo baadaye, hata dereva akasema atasimamisha gari. Mpiga kinanda wetu alikaa nami. Aliniuliza kama nakumbuka jambo lingine lolote la nanga ya baba. Nikamwambia nakumbuka kwamba ilitundikwa juu ya mlango wa chumba, na kwamba sisi watoto tulikatazwa kuigusa, nasi tuliigusa.

Sasa nawapa habari za mwisho. Fundi seremala wa parokia amepata gogo zuri na ameanza kulichonga kwa vipimo alivyovieleza mzee, nayo yatakuwa na meno ya nyuzi nane. Mwenye bucha wa sokoni ametuwekea kano, ingawa mara ya kwanza alidhani twamfanyia mzaha. Tutarudi Bweranyange mvua zikipungua, na ubao na kano na tumbaku, mzee atufundishe kufunga sauti. Ikiwa yuko msomaji mwenye nanga ya zamani nyumbani kwake, hata iliyovunjika, hata kama kuku wanalia chakula humo, tafadhali asiitupe. Amwambie paroko wake, naye atatufikishia habari, nasi tutakuja kuitazama.